Kumkimbiza Dada na Joto la Kaskazi: Nilivyobisha Hodi Pumwani

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa joto la kaskazi. Upepo wenyewe huanza mwisho wa mwaka, ule ule uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na siku za mwanzo huwa mtamu. Lakini ikishafika Februari na Machi upepo hulegea, jua huwa juu ya utosi, na Mombasa mchana hupanda hadi nyuzi 32 au 33 za sentigredi, na usiku hazishuki sana chini ya 25. Kijana hutoa godoro akalala darini. Mzee je?

Dada yangu mkubwa umri wake umepita sabini. Ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, ndiye aliyekuwa akinishika mkono kunipeleka chuoni na ubao wangu, na kwa hivyo jambo lake si jambo la kunipitia pembeni. Ana presha. Kaskazi ya mwaka juzi alianguka mara mbili, mara ya pili akiwa kwenye msala, na daktari akasema dawa anazo zote, lililobaki ni kumwondoa kwenye joto miezi hiyo mitatu minne. Alisema kwa wepesi, kama kwamba watu wote wana nyumba mbili.

Hapa lazima niseme ukweli mmoja unaotuhusu sisi wenyewe. Zamani dada yangu hakuwa akilia joto. Alikaa Kibokoni katika nyumba ya babu yetu, nyumba ya mawe na chokaa, kuta zake nene, dari iko juu ya boriti za mkoko, na katikati kiwanda kinachovuta hewa. Adhuhuri ukiingia mle ulihisi kama umeingia kisimani. Ikaja mirathi, warithi tukawa wengi, kila mmoja akataka fungu lake mkononi, na nyumba ikauzwa. Nami nilitia sahihi. Sasa dada anakaa ghorofa ya tatu, chini ya zege lililochomwa na jua mchana kutwa, na usiku zege lile humrudishia joto lote aliloliweka. Feni inazunguka lakini inachozungusha ni moto. Basi watu wasemao kwamba dunia imezidi kuwa na joto wanasema kweli, lakini sehemu ya joto la dada yangu tuliigawana kwa hisa.

Tukaanza kutafuta. Si fikira mpya hii ya kuhama kwa msimu. Sote tumehifadhi Surat Quraysh, na safari mbili zilizotajwa mle, ya baridi na ya joto, wengi tumefundishwa kuwa ni za biashara, kwenda Yemen na kwenda Shamu. Lakini iko kauli iliyopokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Makureshi walikuwa wakikaa Makka siku za baridi na Taif siku za joto, na mpaka leo Taif, iliyo juu ya milima, ndiko Wasaudia wanakokimbilia kiangazi. Wadachi walipoitawala Tanganyika walijitafutia Lushoto katika milima ya Usambara wakaiita Wilhelmstal. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, alijijengea Chukwani ili apate hewa na afueni. Na serikali ya kikoloni ya nchi hii yenyewe ilikuwa Mombasa, ikahamisha makao yake kupanda Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20.

Binamu yetu aliye Maskati alitushauri tumpeleke Salala. Huko, kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba, milima ya Dhofar hufunikwa na ukungu na manyunyu, na ndugu zetu wa Oman, waliozaliwa Unguja na wanaozungumza Kiswahili kama sisi, hushuka kwa maelfu kuikimbia Maskati inayopita nyuzi 40. La ajabu ni kwamba upepo unaowaletea manyunyu hayo ni kusi, huu huu unaotupoza sisi. Kwa hivyo Salala ni baridi wakati Mombasa nayo ni baridi. Haikutufaa, ukiacha nauli.

Tukafikiri Wundanyi, kwenye milima ya Taita. Hewa safi, maji safi, lakini dada hana amjuaye. Mtu mmoja mwenye nia njema akanitajia nyumba za kulelea wazee zilizo Nairobi, zenye bustani na wauguzi. Nilimweleza dada kwa uangalifu sana. Alinitazama kitambo, kisha akauliza, "Na wewe, mdogo wangu, utakuwa wapi?" Sikurudia maneno yale.

Aliyetaja Pumwani ni mzee mmoja wa barazani kwetu, dereva wa malori zamani. Alisema, "Mpeleke Majengo. Kule kuna Waswahili waliozeeka kwenye baridi kabla hamjazaliwa." Tulicheka. Watu wa pwani tukisikia Majengo ya Nairobi tunawaza wizi, pombe na mambo mengine ambayo gazeti hili husomwa na watoto. Lakini usiku ule sikulala, nikaamka nikafanya hesabu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mwezi wa Februari, ambao ndio wao huuita wa joto, mchana ni nyuzi 26 au 27 na usiku kama 14. Mwezi wa Julai, baridi yao inapouma na jua likajificha wiki nzima, ndipo Mombasa ilipo tamu kuliko pahala popote. Yaani miji hii miwili imepokezana kama watu wa zamu, na mwenye nafasi kwa huu na kwa ule hana msimu mbaya.

Basi nikapanda treni ya Miritini, hii mpya iliyoanza 2017, na jioni nikashuka Syokimau. Asubuhi yake nikaingia Pumwani kwa upande wa Gikomba, nikijipenyeza baina ya marobota ya mitumba na mikokoteni.

Mtaa huu una historia ambayo sisi wa pwani tungepaswa kuijua zaidi. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, watu wetu walifika nayo na kabla yake, wapagazi, askari, wapishi na wachuuzi, wakajenga vijiji vyao. Kimoja kiliitwa Mombasa, kingine Maskini, kingine Pangani. Wakoloni hawakupenda vijiji hivyo, na kuanzia 1921 na 1922 wakapima viwanja Pumwani, wakavibomoa kimoja kimoja na kuwahamishia watu hapo. Pangani ilibaki hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wengi wakapelekwa Shauri Moyo. Huko Pumwani mwenyeji aliruhusiwa kujijengea mwenyewe, lakini ardhi ikabaki ya baraza la mji. Wakajenga walichokijua: nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, baraza mbele, kuta za fito na udongo, na paa la madebe yaliyonyooshwa. Jina la mtaa wenyewe watasema ni pahala pa kupumua.

Na wajenzi wengi walikuwa wanawake. Bibi Janet Bujra, msomi wa Kiingereza aliyekaa akiutafiti mtaa huu mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliandika habari zao. Walitoka bara, Wakikuyu, Wakamba, Wanandi, na wengine mbali mpaka Bukoba, wengi wao wakiwa wamekimbia ndoa au njaa. Namna walivyopata fedha zao za kwanza inajulikana na sina haja ya kuipamba wala kuirudia, kwani Mola ndiye mwenye kuhesabu. Lakini walijenga, wakasilimu, wakajifunza Kiswahili na kuvaa leso mbili, na asiyekuwa na mtoto alichukua mwana wa kulea, akawa ndiye wa kumzika.

Bibi niliyeelekezwa kwake anakaa karibu na Barabara ya Digo. Nilipiga hodi, nikatoa salamu, nikasema, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia marahaba bila kuniona vizuri, macho yana ukungu, na neno la pili lilikuwa kuniuliza kama nimekunywa chai. Kiswahili chake si cha Mvita wala si cha Nairobi hii ya vijana. Ni cha namna yake, cha taratibu, na kina maneno ambayo nilidhani yalikufa na nyanya yangu. Nyumba aliirithi kwa mwanamke aliyemlea, naye mlezi wake aliirithi kwa mwanamke aliyemlea yeye. Watatu hao hawana damu moja hata tone, na nyumba haijapata kuuzwa. Nilipolisikia hilo niliinamisha kichwa nikaikoroga chai isiyohitaji kukorogwa.

Chumba alichonionyesha ni cha pili kulia. Sakafu ya saruji iliyopasuka, dirisha dogo la mbao, kitanda cha chuma. Choo kiko uani, ni cha watu wote, na hilo kwa mtu wa miaka sabini si jambo dogo. Mabati hupiga kelele mvua ikinyesha, na Gikomba hailali. Nisingependa msomaji afikiri nimegundua pepo. Lakini ukuta ule wa udongo nilipoushika adhuhuri ulikuwa baridi. Barazani walikuwa wamekaa wazee watano, wanawake watatu na wanaume wawili, wakila mahamri na mbaazi, na mmoja wao, aliyetoka Takaungu miaka hamsini iliyopita, alijua jina la baba yangu. Adhana ikatoka msikiti wa Riyadha. Jina hilo humkumbusha kila mtu wa pwani Riyadha ya Lamu na Habib Swaleh, na hata miguu yangu ikaijua njia.

Baada ya sala nikarudi kuzungumza mambo ya kodi. Bibi hakutaka kuzungumza kodi. Alitaka kuzungumza nyumba. Maneno ya kuibomoa Majengo yote na kujenga upya ameyasikia tangu yuko msichana, na Bibi Bujra aliwahi kuandika ripoti nzima mwaka 1973 juu ya siasa ya umiliki wa nyumba hizo. Sasa kila upande maghorofa yamesimama, na kijana anayemtazama kama mamake ameshaletewa watu wa kupima. "Mlete dada yako," aliniambia, "lakini mwambie nampa chumba cha mwaka huu. Cha mwakani sina."

Nikashukuru, nikataka kuondoka, akaniita tena. Aliuliza kama dada yangu akifikwa na amri ya Mungu akiwa hapa tutamchukua Mombasa. Nilisema sijui. Akasema ajue kwamba wako wanawake wa kumwosha, wako wa kumsomea, na makaburi ya Waislamu ya Kariokor ni hapo tu, jeneza hubebwa kwa miguu. Aliyasema kama mtu anayekutajia maji na umeme.

Nilimweleza dada yote, choo kwanza, kwa sababu sikutaka anilaumu baadaye. Alisikiliza, kisha akaniuliza mambo mawili. La kwanza lilikuwa la sala: akiwa huko atapunguza? Nikamwambia kwa madhehebu yetu ya Shafii aliyenuia kukaa siku nne kamili, ukitoa ya kuingia na ya kutoka, si msafiri tena, atasali kamili. Alionekana kufarijika, ingawa ndio kazi zaidi. La pili lilikuwa, "Yule Bibi, ana mtu wa kumsomea barua?"

Aliondoka wiki ya kwanza ya Desemba na masanduku mawili, msala wake, na chupa tatu za achari ya maembe. Wanangu walisema nimemtupa mama yao mkubwa katika kibanda cha udongo. Huenda ni kweli. Mjini kwetu wako waliosema hivyo hivyo kwa sauti ya chini, na wengi wao ni wale wale tuliogawana nao nyumba ya Kibokoni.

Katikati ya Februari, usiku ambao Mombasa hapakuwa na hata jani lililotikisika, alinipigia simu. Nilimwuliza hali ya presha, akasema imepimwa na iko sawa. Nilimwuliza kama analala. Akasema anajifunika blanketi mbili, na Bibi amempa soksi. Wapimaji walikuja tena wiki iliyopita na kamba zao, na yeye na Bibi waliwawekea viti barazani wakawapa chai mpaka jua likazama, ikawa hakuna kilichopimwa siku hiyo.

Kisha akaniagiza nguru wa kukaanga akauke vizuri, vipande kumi, kwa treni ya Ijumaa. Vinne vyake, sita vya wenzake.