Mtungi Hauna Ulimi

Wahenga walituachia usemi kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaomba radhi, nawe msomaji nakuomba radhi pia, kwa maana ninao mtungi nyumbani unaoukanusha usemi huo.

Niliununua sokoni Oyugis, Kaunti ya Homa Bay, kutoka kwa mama aliyekuwa ameipanga kazi yake juu ya magunia kando ya barabara. Ni dapi, yaani mtungi wa maji wa Kiluo: shingo nyembamba, tumbo pana, na mistari ya nakshi iliyotiwa kwa kamba kabla udongo haujakauka. Miezi michache baadaye nilimkuta pacha wake katika duka moja jijini Nairobi. Amekalishwa juu ya kigoda, amemulikwa kwa taa, na bei yake imepanda mara kumi na mbili. Kando yake palikuwa na kijikaratasi kilichoandikwa maneno mawili tu: "Mtungi, Kenya". Nilipomwuliza muuzaji ulifinyangwa na nani, alinijibu kwa upole kwamba vitu hivyo hutoka kwa kina mama wa huko ziwani.

Mtungi ule haukujiuza hata kidogo. Yuko mtu aliyeukagua, akauchagua miongoni mwa wenzake, akaufunga kwa nyasi usivunjike, akaulipia nafasi katika basi, kisha akaupa kigoda na taa. Mtu huyo alitimiza nusu ya kazi ninayotaka kuizungumzia leo. Nusu ya pili, ambayo ni kumtaja aliyeufinyanga na kumfikishia haki yake, aliiacha njiani.

Kazi yenyewe bado haijapata jina moja lililotulia katika Kiswahili. Wako wanaomwita mwenye kazi hiyo mhifadhi, wako wanaomwita mratibu wa maonyesho, na wengine humwita msimamizi wa sanaa. Vyovyote aitwavyo, yeye huchagua kitakachoonyeshwa, hukitafutia historia yake, huamua kitakaa karibu na nini na kitaandikiwa maneno gani, kisha humtafuta mtazamaji na mnunuzi. Aghalabu watu hudhani ni kazi ya kupigilia misumari ukutani.

Anayetaka mfano wake hana haja ya kwenda Ulaya. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966, aliiacha siasa na kurudia mapenzi yake ya vitabu, vinyago, nguo na vito vya Afrika. Mapema katika miaka ya 1970, yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage jijini Nairobi. Palikuwa duka na papo hapo jumba la maonyesho. Mafundi walipata soko, na kazi zao zilisafirishwa hadi Ulaya na Marekani pamoja na wanamitindo na wanamuziki. Ayub Ogada, aliyeufikisha mlio wa nyatiti mbali kuliko wengi, alipitia katika bendi iliyobeba jina la duka hilo.

Hata hivyo, kisa cha Murumbi kina uchungu wake. Aliiuzia Serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na mkusanyo wake, kwa makubaliano kwamba hapo patakuwa kituo cha taaluma za Kiafrika. Makubaliano hayo hayakutimizwa, na nyumba ikabomolewa. Siku zake za kilimo alizipitishia Intona, huko Transmara, si mbali na mpaka wa Migori, na akafariki mwaka 1990. Sehemu ya mkusanyo wake inaonekana leo katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, katikati ya Nairobi. Maelfu ya wapita njia huagana mbele ya mlango ule kila jioni pasipo kuingia. Hilo nalo ni swali la soko.

Sasa turejee kwetu ziwani. Kilomita zipatazo 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori ndipo yalipo maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga. Kuta zake, ambazo mahali pengine huzidi mita nne kwa urefu wa kwenda juu, zilipangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji wala tope, na wataalamu wanakadiria kuwa zilianza kujengwa katika karne ya 16. Zilitangazwa kuwa turathi ya kitaifa mwaka 1981, na mwaka 2018 UNESCO ikaziingiza katika orodha ya Turathi za Dunia. Huko Homa Bay, katika kisiwa cha Mfangano, kuna michoro ya kale ya miamba huko Mawanga na Kwitone: miduara myekundu na myeupe inayonasibishwa na Watwa waliokaa pale kabla ya Waluo na Wasuba. Wasuba wenyewe wana makavazi ya jamii kisiwani humo. Kisiwa jirani cha Rusinga kina kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Julai 1969, lililojengwa kwa umbo la risasi. Sijaona maonyesho mengine nchini yanayosema mengi kwa umbo moja.

Kwa nini basi mgeni afikaye Kisumu huelekezwa Maasai Mara? Mawe hayana ulimi. Mtu akifika Thimlich bila msimulizi ataona ukuta na magugu, apige picha mbili, aondoke. Anayehitajika ni mtu wa kumweleza kwa nini mlango ulifanywa mdogo kiasi cha kumlazimu aingiaye kuinama, ng'ombe walilala wapi, na jinsi Wabantu na Waluo walivyopokezana maboma yale kizazi baada ya kizazi.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza kama soko haliharibu. Huharibu, tena sana. Wamijikenda wa pwani waliibiwa vigango vya marehemu wao kwa sababu wanunuzi wa ng'ambo walivipenda kama mapambo. Mwaka 2014 makavazi moja ya Denver yalikubali kurudisha 30. Mradi ulioonyesha kazi zake katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi mwaka 2021 ulikuwa umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makavazi ya nchi za kigeni. Vitu hivyo navyo vilipata wateja. Vilichokosa ni mtu wa upande wetu mezani bei na masharti yalipokuwa yakikatwa. Mchoro wa Kwitone, mahali ambapo wazee waliomba mvua, haufai kutangaziwa mgeni kabla hajaajiriwa mlinzi wa kumzuia kuandika jina lake juu yake kwa makaa.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti makavazi, maktaba na shughuli za utamaduni. Turathi za kale zenye umuhimu wa kitaifa zimebaki mikononi mwa Serikali Kuu. Migori haiwezi kuzigusa kuta za Thimlich itakavyo, lakini hakuna sheria inayoizuia kumwajiri kijana aliyesomea sanaa, kumpa chumba kimoja chenye mwanga mzuri mjini, na kumtuma akusanye majina. Ndiyo, majina. Nani hufinyanga, nani husuka, nani huchonga nyatiti na obokano, anaishi wapi, alifunzwa na nani, na bei gani itamlipa. Homa Bay nayo vivyo hivyo. Gharama yake haifikii magari mawili ya maafisa, ingawa nakiri kwamba hesabu hiyo nimeifanya kwa kukisia.

Mimi mwenyewe nilijaribu. Nilirudi Oyugis na daftari, nikamkuta mama yule palepale. Nilimsalimu, nikamweleza habari za duka la Nairobi na bei yake. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama wanaonunua kule huutilia maji. Nilimjibu kuwa hapana, huutazama tu. Alitikisa kichwa. Nilipomwomba jina lake niliandike, aliangalia daftari, akaangalia viatu vyangu.

"Wuoda," akasema, "wewe ni wa ushuru?"

Nilikaa naye hadi jua likakaribia kuzama, na jina sikulipata. Alilonipa ni lile ambalo soko zima humwitia: Nyar Kabondo, binti wa Kabondo. Nimeliandika kwa chokaa chini ya kitako cha mtungi wangu.