Dafina na Mahali Pake

Tarehe 16 Novemba 1992, katika shamba lililo karibu na kijiji cha Hoxne, jimbo la Suffolk nchini Uingereza, mstaafu mmoja aitwaye Eric Lawes alikuwa akizunguka na kigunduzi cha metali mkononi, si kwa tamaa ya mali, bali kwa kumsaidia rafiki yake mkulima aliyepotewa na nyundo. Chombo kililia, akafukua, na badala ya nyundo zikatoka sarafu, vijiko vya fedha na mapambo ya dhahabu. Akajaza mifuko, kisha akafanya jambo ambalo kwalo jina lake lastahili kutajwa kwa heshima: akaacha kuchimba. Habari ikapelekwa kwa polisi na kwa halmashauri ya jimbo, na kesho yake wanaakiolojia wakafika, wakakiinua kwa taratibu kilichosalia shimoni.

Sarafu zilikuwa karibu 15,000, na vyombo na mapambo karibu 200. Lakini hesabu hiyo hata mwizi angaliweza kuipata. Ambacho mwizi asingalikipata ni alama ya kasha la mwaloni lililokwisha kuoza, vijikasha vilivyokuwa ndani yake na vikufuli vyao vidogo vya fedha, na mabakuli yaliyopakiwa pamoja na majani makavu katikati yasikwaruzane, yaani ushahidi wa mikono ya mtu aliyefungasha kwa utulivu akiwa na nia ya kurejea. Sarafu za mwisho zilipigwa mwaka 407 au 408, ndiyo kusema kwamba mzishi alizika katika majira yale, au baada yake, utawala wa Rumi ulipokuwa ukiiachia Britania. Kulikuwamo pia vyombo vinne vya kunyunyizia pilipili manga, kimoja kwa sura ya bibi mtukufu, na mimi niliyelelewa pwani siwezi kukipita bila ya kukumbuka kwamba pilipili hiyo ilitoka Hindi kwa pepo zile zile zilizowaleta mababu zetu wa biashara. Nyundo nayo ikaonekana, na leo imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Katika chombo chenyewe hamna siri. Waya uliozungushwa kama kata hupitishiwa umeme wa kwenda na kurudi, ukazaa uga wa sumaku unaopenya ardhini. Ukikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo huzaa uga wa pili ambao chombo huusikia na kuugeuza mlio. Basi chombo hulilia metali tu. Hakililii jani kavu, wala mkaa, wala mfupa, wala punje ya nafaka, wala ile rangi ya udongo inayomwambia mtaalamu kwamba hapa palisimama nguzo. Na aifuataye sauti yake kwa pupa huyakata hayo yote kwa jembe asijue kwamba amekata kitu.

Hayo ndiyo yaliyotukia mwaka 1999 karibu na Nebra, Ujerumani, pale watu wawili waliokuwa wakichimba kinyume cha sheria walipoitoa ardhini sahani ya shaba nyeusi yenye upana wa kama sentimita 32, iliyonakshiwa kwa dhahabu mwezi mwandamo na nyota, na miongoni mwake kishada cha saba ambacho wataalamu wengi wanakitambua kuwa ni Kilimia. Waliiumiza ukingoni kwa kuichimbua, wakaiuza pamoja na panga walizosema zilitoka nayo kwa marki 31,000, ikapita mikono kadha wa kadha mpaka polisi walipoinasa Basel mwaka 2002. Wachimbaji walipelekwa shimoni wakaonyesha mahali, udongo ukapimwa, na ganda la mti lililokuwamo katika mpini wa upanga mmoja likasaidia kuonyesha kwamba vitu vile vilizikwa yapata miaka 1600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Hata hivyo, mwaka 2020 wataalamu wawili walitokeza hadharani kupinga, wakidai kwamba sahani na panga havikuwa pamoja, na sahani ni ya umri mdogo zaidi kwa karne nyingi. Mimi naona walioijibu hoja hiyo wana nguvu zaidi. Lakini mjadala wenyewe usingalizuka lau mkono wa kwanza ungalikuwa wa mtu mwenye kalamu na kipimo.

Insafu yataka niseme pia kwamba wanaakiolojia wa Uingereza, walipoanzisha kampeni ya mwaka 1980 dhidi ya watafutaji wenye vigunduzi, waliwaweka wakweli na waporaji katika kapu moja, na chuki iliyofuata iliwafanya wengi wafiche walichokiona. Miaka michache baadaye hekalu la Kirumi la Wanborough, Surrey, likavamiwa usiku na waporaji wakaondoka na maelfu ya sarafu. Ndipo ikaja Sheria ya Dafina ya mwaka 1996, inayomtaka mpataji atoe habari katika siku 14, na mwaka uliofuata mpango wa kuandikisha kwa hiari vitu vidogo vidogo, ambao hadi sasa umekwisha kusajili zaidi ya vitu 1,500,000. Na huko Marekani, mwaka 1984, watu wa kujitolea wenye vigunduzi walipanga safu katika uwanja wa vita vya Little Bighorn, kila mlio ukachomekewa kibendera na kupimwa kabla ya kitu kuinuliwa, hata alama katika maganda ya risasi zikaonyesha jinsi bunduki moja moja ilivyohama kutoka kilima hadi kilima.

Ninapoyaandika haya fikira zangu zi katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, ambako mwaka 1944 askari Maurie Isenberg aliokota ufukweni sarafu tisa, akazihifadhi miaka mingi, na mwaka 1979 akaambiwa kwamba tano kati yake ni za shaba za Kilwa, na nne za Kiholanzi. Hakuwa na kosa. Alikuwa askari katika vita. Lakini zililala kina gani, kando ya nini, pamoja na zile nne za Kiholanzi au mbali nazo, mchanga ule umekwisha kujifukia, na wataalamu waliokwenda huko mwaka 2013 walilazimika kuanza kwa kuutafuta ufukwe wenyewe.