Nakshi ya Kichanga Ipimwe kwa Ndani

Mtu akienda kumtazama mzazi hapa Mwanza, iwe wodini Sekou Toure au nyumbani Kirumba na Igoma, habebi sabuni na kanga tu, hubeba na nguo ya mtoto. Iliyodariziwa kwa mkono ndiyo inayopitishwa mkono kwa mkono: maua kwenye kola, sato mdogo kifuani, jina kwa uzi wa bluu. Wageni wote wanatazama upande wa nje. Mtoto anavaa upande wa ndani. Huko ndani ndiko ninakotaka tukae leo, maana nguo nyingi nzuri ninazoletewa nirekebishe zinakwaruza.

Kwanza kitambaa. Chagua pamba tupu. Kanda ya Ziwa ndiyo inayolima sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania, na mbegu kama UK91 na UKM08 zimetoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru, hapo Misungwi. Pamba hunyonya jasho, tena huvumilia maji ya moto na pasi kali, jambo ambalo nailoni haiwezi. Msidharau vesti za mitumba za Mlango Mmoja: zimefuliwa mara nyingi, zimelainika na zimesharudi. Nguo mpya ifue kabla ya kuitia sindano, la sivyo itarudi baadaye na nakshi yako itajikunja. Uzi nao upime. Uloweshe, uulaze juu ya kitambaa cheupe, upige pasi. Ukiacha rangi, usiutumie kwa mtoto. Mwekundu ndio unaosumbua zaidi.

Uzi wa kudarizi una nyuzi ndogo sita zilizolala pamoja, na wengi huzitia zote sita kwenye sindano. Kwa kichanga chambua mbili tu. Mshono utakuwa mwembamba, utachukua muda mrefu zaidi, lakini hautaweka tuta juu ya ngozi. Vesti huvutika, kwa hiyo usiikaze kama ngoma kwenye fremu. Ishikize kipande cha kitambaa chepesi kwa nyuma, kisha tumia mshono wa mnyororo, ambao vitanzi vyake huacha nafasi ya kuvutika.

Usipige fundo. Fundo dogo, mtoto akililalia usiku kucha, huacha alama nyekundu. Acha mkia wa uzi mwanzoni, na ukimaliza pitisha sindano chini ya mishono ya nyuma mara tatu au nne ndipo ukate. Hatari kubwa zaidi ni uzi unaoruka kwa nyuma kutoka ua moja kwenda jingine. Kidole cha mtoto kikinasa humo, uzi hujizungusha, huzuia damu, kidole kinavimba, na mtoto analia bila mtu kujua sababu, kwa kuwa mkono umo ndani ya glovu au mguu umo ndani ya soksi. Malizia kila ua peke yake, kisha funika nyuma yote kwa kipande laini cha pamba. Soksi na glovu za mtoto ziache bila nakshi kabisa. Shanga na vifungo vya mapambo pia tuviache kwa mavazi ya ngoma. Kikibanduka kimoja, safari yake ni mdomoni.

Kuhusu jina, subiri mtoto azaliwe na apewe. Kabla ya hapo darizi mtumbwi, furukombe, au tawi la pamba. Mapacha wa Kisukuma ndio pekee unaoweza kuwaandalia mapema bila wasiwasi: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, wawe wa kike au wa kiume. Tumia rangi mbili tofauti. Mama yao atakushukuru saa nane za usiku.

Kuna jambo la mwisho ambalo mafundi wengi hatulisemi. Nguo ikikamilika huwekwa kabatini kusubiri siku ya kujifungua, na kabati lina vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vya kufukuza wadudu. Vingi hutengenezwa kwa naftalini. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayoonekana zaidi katika maeneo ambayo malaria imekaa vizazi vingi, kama kwetu ziwani. Mtoto wa aina hiyo akivalishwa nguo iliyolala na vidonge hivyo, chembe nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, akageuka manjano kiasi cha kuharibu ubongo. Kwa hiyo hifadhi zawadi yako kwenye mfuko safi wa kitambaa, mbali na kabati hilo.

Ifue tena kabla ya kuipeleka, uianike juani, kisha uipige pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mapindo na nyuma ya nakshi. Kuna nzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi wakatokeza jipu. Joto la pasi huwaua.

Baada ya hapo igeuze ndani nje, uipitishe polepole shavuni mwako. Ukihisi kinachokwaruza, fumua hapo ushone upya kabla hujaifunga zawadi.