Kayna: Barua ya Mgr Kataliko na kitabu kinachosomwa nyumbani

Mtu anayetoka Goma anapita Rutshuru, anavuka bonde la mbuga ya Virunga, anapanda mlima wa Kabasha mpaka Kanyabayonga. Akiendelea kidogo kwenye barabara ya kitaifa namba 2 anafika Kayna, katika wilaya ya Lubero. Ni njia ambayo watu wa huku wanaijua kwa miguu yao. Mwisho wa mwezi wa Juni 2024, wapiganaji wa M23 walipoingia Kanyabayonga, kisha Kayna na Kirumba, jamaa nyingi zilifunga mizigo na kushika njia ya kaskazini, kuelekea Lubero na Butembo.

Anayekimbia vita hana mikono mingi. Anabeba mtoto, sufuria, unga kidogo, blanketi. Katika nyumba nyingi za Lubero, ukiacha madaftari ya wanafunzi, kitabu kilichopo ni Biblia. Je, kitabu hicho kinamsaidia nini mtu aliyeacha nyumba yake na shamba lake?

Mtumishi mmoja wa Mungu, mzaliwa wa udongo huuhuu, alijibu swali hilo kwa kalamu, halafu kwa maisha yake. Ni Mgr Emmanuel Kataliko. Tarehe 4 Oktoba 2025 ilitimia miaka 25 tangu afariki.

Mtoto wa Lubero

Kataliko alizaliwa mwaka 1932 huko Lukole, Lubero. Alipata upadri mwaka 1958, akasoma Roma. Mwaka 1966 akawekwa kuwa askofu wa Butembo-Beni, akichukua nafasi ya Mgr Henri Piérard, mmisionari wa shirika la Assumption kutoka Ubelgiji. Alichunga jimbo hilo miaka 31.

Kwake, imani na masomo vilikwenda pamoja. Mwaka 1989, chini ya uongozi wake, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo. Kabla ya hapo, mzazi wa Lubero aliyetaka mtoto wake asome chuo kikuu cha serikali alipaswa kufikiria Kisangani, Kinshasa au Lubumbashi, na bei ya safari peke yake ilitosha kuzima ndoto hiyo. Kwa jamaa ya wakulima, chuo cha karibu kilikuwa jambo la nyumbani kabisa: mtoto angeweza kusoma na bado kusaidia kwenye shamba wakati wa likizo.

Barua ya Noeli

Mwaka 1997 alitumwa Bukavu kuwa askofu mkuu. Kiti alichokalia kilikuwa kizito: Mgr Christophe Munzihirwa, aliyemtangulia, aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Mwaka uliofuata, Agosti 1998, vita nyingine ilianza, na Bukavu ikawa mikononi mwa waasi wa RCD.

Kwa Noeli ya 1999, Kataliko aliwaandikia wakristu wake barua. Alianza na nabii Isaya, sura ya 40, pale Mungu anapoagiza watu wake wafarijiwe. Maneno hayo yaliambiwa watu waliokuwa uhamishoni Babilonia, mbali na nyumba zao. Askofu aliyasoma kama habari ya jirani zake.

Alisema wazi kwamba nguvu za kigeni, zikisaidiwa na baadhi ya ndugu Wakongomani, zinaendesha vita kwa mali ya nchi. Watu wengi walikuwa wakisema hivyo kwa sauti ya chini. Lakini barua haikuishia kwa wageni. Iliingia mpaka ndani ya nyumba: iliwataja pia Wakongomani wanaomtoa ndugu yao kwa dola kumi au ishirini. Hapo ndipo ilipouma. Kumsoma nabii dhidi ya adui ni rahisi. Kumsoma ukijiuliza kama wewe mwenyewe umemuuza mtu, ni kazi nyingine.

Uhamisho wa nyumbani

Malipo ya barua hayakukawia. Mwezi wa Februari 2000, viongozi wa RCD walimkatalia kurudi Bukavu na kumlazimisha abaki Butembo. Kule Bukavu, makanisa na mashule yalifunga milango kwa siku kadhaa kupinga kitendo hicho.

Aliyeandika juu ya watu wa uhamisho akawa mwenyewe mtu wa uhamisho, tena katika inchi ya kwao, ambako kila mtu alijua jina lake. Mtu anaweza kuwa kati ya ndugu na bado akawa mbali na kazi aliyopewa. Mkulima wa Kayna anayelala Butembo kwa shemeji yake, anakula na hakosi pa kulala, lakini anawaza maharagwe yaliyobaki shambani, anaelewa jambo hilo bila kufundishwa.

Baada ya miezi saba, mwezi wa Septemba, Kataliko aliruhusiwa kurudi Bukavu. Furaha yake ilikuwa fupi. Tarehe 4 Oktoba 2000 moyo wake ulisimama akiwa Roma.

Kusoma kwa masikio

Katika eneo la Kayna, wengi wanaongea Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni, na watoto wanasoma Kifaransa shuleni. Barua ya askofu iliyoandikwa kwa Kifaransa inapita lugha mbili kabla ya kufika jikoni. Kwa hiyo kusoma huku ni kazi ya watu wengi. Katika mashirika, majirani wanakaa pamoja, mmoja anasoma, wengine wanasikia, halafu wanaulizana neno hilo linadai nini juma hili. Bibi asiyejua herufi anasomewa na mjukuu, na mara nyingi ni bibi anayemweleza mjukuu maana. Wazee walifanya hivyo tangu zamani katika kyaghanda, penye moto, ambapo vijana walipokea mafundisho ya ukoo.

Vita imeongeza watu kuzunguka moto huo. Jamaa zilizokimbia zimepokelewa na jamaa nyingine ambazo chakula chao hakikuongezeka. Ukisoma Isaya 40 katika nyumba kama hiyo, neno kufariji linahesabika: ni sahani ngapi, ni mkeka gani, nani atangoja zamu yake ya kula. Mama mwenye nyumba ndiye anayelijibu kila jioni, hata kama hajawahi kuhubiri.

Na lile neno la pili la Kataliko, la ndugu anayetolewa kwa dola chache, halijazeeka. Pale ambapo wenye silaha wanabadilishana vijiji, kosa la kubuniwa linatosha kumwangamiza jirani: kusema alipika chakula cha hawa, au alionyesha njia wale. Mara nyingine nyuma ya maneno hayo kuna deni la zamani au mpaka wa shamba. Mzazi anayewasomea watoto Biblia usiku, halafu asubuhi akataja jina la jirani kwa mwenye bunduki, watoto watashika somo la asubuhi.

Barua ya Noeli 1999 ni fupi. Inasomwa jioni moja, muda ambao maharagwe yanahitaji kuiva. Kisha anayesoma anafunga karatasi, anaangalia nani amekaa mezani pake, na nani bado yuko nje ya mlango.