Jeshi la Nchi Iliyoungana: Daftari Moja au Mawili?

Hapa Ubena, tulipofika mlango wa diwani katika Al-Ahkam as-Sultaniyya ya Imam al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia), mwanafunzi mmoja alituuliza: nchi mbili zikiungana, askari wao huandikwa wapi?

Diwani, kwa istilahi ya mafakihi, ni daftari la askari, na aliyeliasisi ni Sayyidna Umar (r.a.). Humo askari huandikwa jina lake, nasaba yake na posho yake. Posho, asema al-Mawardi, hukadiriwa kwa kumtosheleza: hutazamwa idadi ya watu anaowalisha, wanyama anaowaweka kwa ajili ya vita, na bei za mahali anapoishi. Ikicheleweshwa hali mali ipo, askari ana haki ya kuidai kama mtu anavyodai deni.

Tukija kwetu, tarehe 20 Januari 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walitaka nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Kudai si kosa; kosa ni kudai kwa mtutu wa bunduki. Tarehe 25 Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaita Waingereza wayazime maasi hayo, na jeshi likavunjwa.

Basi Muungano ulipofungwa tarehe 26 Aprili 1964, na ulinzi ukawekwa miongoni mwa mambo 11 ya Muungano, hali ilikuwa ya ajabu. Upande mkubwa haukuwa na jeshi la kutegemewa, hata ulilindwa na kikosi kutoka Nigeria. Upande mdogo ulikuwa na Jeshi la Ukombozi lililozaliwa na mapinduzi. Tarehe 1 Septemba likaundwa Jeshi la Wananchi chini ya Mirisho Sarakikya, na wengi wa askari wake wapya walitoka Umoja wa Vijana wa TANU. (Nchi yenyewe ilikuwa bado haijaitwa Tanzania, jina hilo lilikuja Oktoba.) Askari wa visiwani wakaingizwa humo, ingawa kwa miaka kadhaa sauti ya Mzee Karume juu yao haikupungua.

Ugumu ulionekana hata katika misaada. Ujerumani Magharibi ilikuwa ikisaidia mafunzo ya kijeshi bara, lakini Zanzibar ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Mashariki. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ikaondoa wakufunzi wake. Wakaja Wakanada, waliokaa hadi 1970, na Wachina.

Anayetaka kuona daftari mawili yakiachwa yalivyo na aitazame Yemen. Kaskazini na kusini ziliungana tarehe 22 Mei 1990. Serikali ikawa moja, majeshi yakabaki mawili, kila moja na makamanda wake. Vikosi vya kusini viliwekwa kaskazini, na vya kaskazini kusini, kana kwamba kubadilishana kambi ni kuungana. Mwaka 1994 vikapigana, na Aden ikaanguka Julai.

Mwanafunzi wetu hakuridhika. Akauliza: na vikosi vya Zanzibar je? Katiba ya Muungano ya 1977, ibara ya 147, inakataza mtu au kikundi chochote kuunda jeshi isipokuwa Serikali. Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 121, inaweka Idara Maalum, zikiwamo JKU, KMKM na Chuo cha Mafunzo. Wapo wasemao kuwa hayo ni majeshi, na wapo wasemao ni idara tu. Sisi hatulitazami jina. Tunauliza anayeandika majina yao, anayewalipa na anayewaamuru. Kwa kipimo hicho wamo katika daftari la Zanzibar. Kuzuia magendo baharini, kulima na kulinda magereza si kazi za vita, na hapo hatuoni tatizo. Bali mpaka wa kazi hizo unahitaji kuandikwa wazi kuliko ulivyo.