Picha Takatifu za Watu Maskini

Hapo zamani katika Ulaya picha takatifu ilichorwa kwa mkono, na bei yake haikuwa ya mtu maskini. Karatasi ndiyo iliyobadili mambo hayo. Mwaka 1390 Ulman Stromer alianzisha kinu cha karatasi karibu na mji wa Nuremberg, Ujerumani, akitumia matambara ya kitani yaliyopondwa. Naye fundi wa picha alichonga ubao, akaacha mistari imeinuka, akaipaka wino, kisha akalaza karatasi juu yake na kuisugua mgongoni. Rangi zilitiwa baadaye kwa mkono.

Basi hata mkulima aliweza kuibandika picha ukutani au ndani ya kifuniko cha sanduku. Aliyeitazama sura ya Mtakatifu Kristofa aliamini kwamba siku ile hatafikwa na kifo kibaya.

Nyingi ziliharibika, maana ni karatasi tu. Lakini mwaka 1428 shule moja iliteketea katika mji wa Forlì, Italia, na yasimuliwa kwamba picha ya Bikira Maria iliyokuwa ukutani haikuungua. Watu waliipeleka katika kanisa kuu, na huko ingali yatunzwa.