Nyumba ya milango miwili

Ndugu wafanyakazi, mama na watoto wa kambi, leo tutembelee nyumba ya mbali. Kule Uholanzi, pahali panaitwa Kinderdijk, kuna vinu 19 vya upepo. Vingi vilijengwa mwaka wa 1738 na 1740. Musizani vilisaga unga. Kazi yao ilikuwa kuvuta mayi, sababu udongo wa kule uko chini. Mayi yakiachwa, yanafunika mashamba. Sisi tunaelewa bila mwalimu: mgodi wa Kipushi ulijaa mayi mwaka wa 2011, pampu ziliposhindwa.

Mwenye kulinda kinu alilala ndani ya kinu, yeye na bibi na watoto. Vinu vya 1738 ni vya matofali, mviringo kama chungu. Vya 1740 viko na pembe nane na vimevalishwa nyasi. Katikati ya nyumba muti munene unashuka toka juu mpaka kwenye gurudumu la mayi. Upepo ukivuma, muti unazunguka, na watu wanakula pembeni yake. Nafasi ni kidogo, njo maana vitanda viliingizwa ndani ya ukuta, kama kabati.

Hatari iko inje. Mabawa yanashuka karibu kugusa udongo. Mtoto akitoka mbio bila kuangalia, bawa linamuua. Kwa hiyo waliweka milango miwili, huku na huku. Mabawa yakipita mbele ya mumoja, munatokea kwa mwingine. Aliyejenga alifikiria mtoto.

Lakini nyumba haikuwa ya mulinzi. Ilikuwa ya ofisi ya mayi iliyomupa kazi. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Hapo sisi wa kambi tunajijua. Nimeona mwenyewe mujane kuambiwa atoke, hata matanga haijaisha.

Tangu 1997 vinu vile vinalindwa na UNESCO, na watu wangali wanaishi ndani ya vingine. Ni vizuri kulinda ukuta. Ni vizuri zaidi kulinda wanaolala ndani. Basi delege wenu akienda kwenye meza na patron, musimuulize tu juu ya mushahara. Mumuulize: baba akianguka kazini, mama na watoto watabakia mu nyumba miezi ngapi? Iandikwe kwenye kontra. Huo njo mlango wetu wa pili.